Darubini ya Kwanza kwa Anayeishi Karibu na Ikweta: Ununue Nini, na Kwa Mpangilio Gani

Miongozo mingi ya darubini huandikwa Ulaya na Marekani, na mingi humwambia anayetaka kupiga picha za anga anunue stendi ya ikweta, yaani stendi inayozunguka kufuata mwendo wa nyota, na kuielekeza kwenye Nyota ya Kaskazini. Ukiwa Dar es Salaam, nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho usiku kucha. Nairobi, digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, nako haikufai kitu. Ncha ya kusini ya anga imelala chini karibu na ardhi, kwenye vumbi na mawingu, na nyota iliyo jirani nayo, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba mjini huioni. Isitoshe, stendi nyingi za aina hiyo ukizilaza kwa pembe ndogo kama yetu, uzani wa kusawazisha hugonga miguu. Kwa hiyo mpangilio wangu ni tofauti: fedha iende kwanza kwenye upana wa kioo na stendi rahisi, na kifaa cha kufuata nyota kije mwisho kabisa.

Kabla hujatoa hata shilingi, pakua Stellarium ujue kitu gani kinachomoza lini, kisha pakua Siril na GIMP, programu za kuchakata picha. Zote ni za bure. Picha ghafi za darubini za Hubble na James Webb zimewekwa wazi kwa umma kwenye hifadhi ya MAST, na Siril huzifungua. Ukikaa nazo jioni kadhaa ukagundua kwamba kazi ya kompyuta haikuvutii, utakuwa umejua mapema kuwa wewe ni mtazamaji wa macho, na utaokoa gharama ya kamera nzima.

1. Darubini ya macho mawili, 10x50

Hii ndiyo chaguo langu la kwanza kwa karibu kila mtu. Nambari 10 ni ukuzaji, 50 ni upana wa kila lenzi ya mbele kwa milimita. Mikono ikikutetemeka, chukua 7x50. Ukiwa dukani ishike mbali na uso, ielekeze kwenye mwanga, utazame viduara viwili vya mwanga upande wa macho: viwe duara kamili. Vikionekana vimekatwa pembeni, prizimu zake ni hafifu. Kisha tazama mnara au waya wa mbali. Picha mbili zikikataa kuungana, au macho yakianza kuvutana, irudishe palepale. Zenye lenzi za rangi nyekundu kama yakuti ziache, na zile za kubadili ukuzaji pia.

Kwa kifaa hiki utaona miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, Kilimia ikiwa imejaa nyota, na Omega Centauri, kundi kubwa la nyota ambalo kutoka London halichomozi kamwe. Kwetu hupanda juu vizuri miezi ya Aprili hadi Juni. Watu huidharau darubini hii kwa sababu ni ndogo, lakini ndiyo utakayoitumia hata baada ya kununua kubwa.

2. Dobson ya mezani, milimita 130 au 150

Dobson ni darubini ya kioo iliyokaa juu ya kitako kinachozunguka, unaisukuma kwa mkono. Sky-Watcher Heritage 130P ni mfano mzuri: kioo cha milimita 130, urefu wa fokasi milimita 650, na mwili unaokunjwa ukaingia kwenye begi. Lenzi mbili za jicho zinazokuja nayo, za milimita 25 na 10, hukupa ukuzaji wa mara 26 na mara 65. Ya pili inatosha kuonyesha pete za Zohali. Mwaka 2025 pete hizo ziligeuka ubavu zikawa kama uzi, na sasa zinafunguka tena mwaka hadi mwaka. Ukiweza kuongeza fedha, 150P hukusanya mwanga zaidi kwa thuluthi moja.

Itahitaji meza imara. Ya plastiki itatikisika na picha itacheza. Kwa picha, Dobson hii hukupa Mwezi na sayari kwa simu iliyofungwa kwenye lenzi ya jicho, basi. Nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi kati ya nyota, usizitarajie kwa njia hii.

3. Kamera ya mtumba na stendi ya miguu mitatu

Kama unachotaka ni picha, hapa ndipo pa kuanzia, hata kabla ya darubini kubwa. Kamera ya DSLR ya miaka kumi iliyopita yenye lenzi ya kawaida ya 18-55, ukiongeza lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, inatosha. La lazima ni moja: ihifadhi faili ghafi za RAW.

Bila kifaa cha kufuata nyota, muda wa kila picha una kikomo, la sivyo nyota hutoka kama mistari. Zidisha urefu wa lenzi kwa 1.5 au 1.6 kulingana na kamera, halafu gawanya 500 kwa jibu hilo. Lenzi ya milimita 18 hukupa kama sekunde 17. Ya milimita 50, kama sekunde 6. Mimi hupunguza hata hapo, kwa sababu nyota zinazopita utosini kwetu ziko karibu na ikweta ya anga, na ndizo zinazosogea haraka kuliko zote mbele ya lenzi.

Piga picha 100 au zaidi za eneo lilelile. Ukizirundika kuwa picha moja kwenye kompyuta, chembechembe zinazoichafua hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: picha 100 husafisha mara 10 hivi. Ongeza picha za giza, yaani zilizopigwa kifuniko kikiwa kwenye lenzi, kwa muda na ISO (kiwango cha wepesi wa kamera kwa mwanga) zilezile. Ongeza na picha bapa, zilizopigwa fulana nyeupe ikiwa imetandazwa juu ya lenzi jioni, bila kugusa fokasi. Hizo ndizo zinazofuta madoa ya vumbi na kiza cha pembeni. Siril ina hati tayari za kuziunganisha zote. Baada ya hapo ondoa mwanga wa mji kwa GraXpert, nayo ni ya bure, sawazisha rangi, kisha nyanyua mwanga polepole. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayoharibu picha nyingi za wanaoanza. Anga lisiwe jeusi tii. Likibaki kijivu cheusi, wingu hafifu la nebula linabaki pia. PixInsight ni nzuri, lakini bei yake ni mamia ya euro na hutaihitaji mwaka wa kwanza.

Msimu bora ni kiangazi cha Juni hadi Agosti, Mwezi ukiwa mchanga, makundi ya nyota ya Akarabu na Kausi yakiwa juu, na kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu, kikiwa upande huo.

4. Darubini janja

Seestar S50 ya ZWO ina lenzi ya milimita 50, fokasi ya milimita 250, kamera na kompyuta ndani. Unaiamuru kwa simu, inatafuta kitu yenyewe na kurundika picha yenyewe. Bei huko nje imekuwa ikizunguka dola 500, kabla ya usafiri na ushuru. Kwa mtu wa mjini, au shule yenye wanafunzi wengi, naipendekeza kwa moyo wote: haihitaji Nyota ya Kaskazini, na hukupa faili unazoweza kuzichakata mwenyewe. Naiweka ya nne kwa sababu haina pa kuweka jicho.

5. Stendi ya ikweta na kamera ya anga

Subiri. Ukiinunua, hakikisha inashuka hadi digrii za latitudo ya mahali ulipo.

Ziache dukani

Darubini yenye maandishi ya mara 675 kwenye boksi ni ya kuachwa. Ukuzaji wa maana haupiti mara mbili ya upana kwa milimita, hivyo kioo cha milimita 76 kinaishia karibu mara 150. Baadhi huja na kichujio kidogo cha Jua cha kufunga kwenye lenzi ya jicho. Kitupe: joto linaweza kukipasua ukiwa unatazama. Kichujio salama hukaa mbele ya darubini, na ukifunge mapema kabla ya Agosti 2, 2027, Jua litakapopatwa kikamilifu Afrika Kaskazini na kwa sehemu Kenya.

Mwisho, wa Pwani nunueni boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana na pakiti za silika. Unyevu wa Mombasa, Zanzibar na Tanga huotesha kuvu ndani ya lenzi, na kuvu ikishakula mipako ya kioo haisafishiki.