Wae Rebo, Flores: nimelala siku mbili kwenye mbaru niang, haya ndo niliyoyaona

Tangu nirudi watu wananiuliza kila siku kama kule kunafaa kwenda, basi ngoja niandike yote kwa mpigo. Nazungumzia malazi ya wageni kwenye kijiji cha Wae Rebo, kisiwa cha Flores, Indonesia, kule milimani Manggarai, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Gari haifiki, pikipiki haifiki, netiweki hamna kabisa. Nyumba kubwa za asili ziko saba tu, wenyewe wanaziita mbaru niang, zimezunguka kiwanja cha majani na kila moja imechongoka juu kama pia iliyogeuzwa, paa limeshuka mpaka karibu na ardhi.

Kwanza njia, maana hapa ndo niliudhika. Aliyetuuzia safari pale Labuan Bajo, mji wa bandari magharibi mwa Flores, alisema kutembea ni saa moja tu. Siyo kweli. Gari peke yake ilichukua karibu siku nzima kwenye kona za mlima mpaka Denge, kijiji cha chini, tukalala, asubuhi tukachukua ojek, yaani bodaboda za kule, mpaka lami ilipoishia, alafu ndo ukaanza mwendo wa miguu msituni na sisi ulituchukua saa tatu kasoro. Kwenye kundi letu kulikuwa na mama wa miaka sitini na kitu, goti linamsumbua, angeambiwa ukweli angejipanga mapema na kutafuta fimbo. Mtu anayeuza safari ya mlimani akimdanganya mzee kuhusu muda anamhatarisha, nasema wazi.

Kabla ya kuingia kijijini kuna kibanda, unagonga kigogo cha mwanzi ili watu wajue kuna wageni. Hapo hupigi picha bado. Unapelekwa kwanza kwenye nyumba kuu, ile yenye ngoma na upatu wa shaba, mzee anakaa chini anaongea na mababu kwa Kimanggarai, anawaambia hawa wamekuja tuwapokee na warudi salama kwao, mnatoa sadaka kidogo, basi. Ibada hiyo wanaiita waelu'u. Ilichukua dakika chache lakini nilipotoka nje sikujiona mtalii tena, nilijiona nimekaribishwa na wenye kwao.

Malazi yenyewe: tulilipa rupia 325,000 kwa mtu kwa usiku mmoja, chakula cha jioni na asubuhi ndani, kahawa na chai muda wote. Mnalala wageni wote kwenye nyumba moja, mikeka imepangwa duara ukutani, kila mtu na godoro lake jembamba, mto na blanketi. Hamna chumba cha peke yako, ukitaka faragha usije. Choo kipo nje, kisafi, maji ya baridi kweli kweli. Umeme wa jenereta ni jioni tu, mkigombania kuchaji simu mtachelewa, bebeni pawabenki. Chakula ni wali, kuku, mboga za majani, mayai na pilipili ya kusaga ambayo mpaka leo naiota. Usiku baridi inakata, leta sweta.

Tuliambiwa pesa haingii mfukoni kwa mtu mmoja, inaingia kwenye chama cha kijiji na akina mama wanapika kwa zamu. Hiki ndo kitu kilichonifanya nitoe nyota tano, siyo mandhari. Maana zamani kidogo hali ilikuwa mbaya, mwaka 2008 msanifu majengo wa Jakarta, Yori Antar, alifika na wenzake akakuta nyumba zilizosimama ni nne tu. Walitafuta wafadhili, ila kujenga walijenga wanakijiji wenyewe, wazee wakiwaonyesha vijana jinsi ya kufunga nguzo kwa kamba za henzerani ya porini, yaani rattan, bila misumari. Mwaka 2012 wakapata tuzo ya UNESCO ya urithi kwa Asia na Pasifiki.

Kijana aliyetuongoza alituchorea nyumba kwenye vumbi kwa kijiti. Ghorofa tano! Chini wanaishi watu, jina lake lutur. Juu yake lobo, chakula na vitu vya kila siku. Ya tatu lentar, mbegu za msimu ujao. Ya nne lempa rae, akiba ya ukame. Ya juu kabisa hekang kode, sadaka za mababu. Nikamuuliza na mahindi ya mbegu yapo sasa hivi? Akanyoosha kidole juu akasema yapo. Niliangalia ule moshi wa jikoni unavyopanda taratibu kupita kwenye mianya ya sakafu kwenda juu, kumbe ndo huo unaokausha mbegu na kufukuza wadudu, na nyasi za paa nazo zinadumu kwa moshi huohuo.

Sasa maisha. Asubuhi kiwanja kizima ni mikeka ya kahawa inaanikwa, mabibi wameinama wanachambua punje moja moja, zilizovunjika huku, nzima huku. Nilikaa na mmoja nikachambua naye. Kihindonesia changu ni kidogo sana lakini nikagundua maneno yanafanana, wao kabar sisi habari, wao sabun sisi sabuni, wao meja sisi meza, dunia ni dunia hivohivo. Niliposema dunia bibi akacheka akanishika mkono, kuanzia hapo kila neno nililotamka alikuwa anasubiri kama litafanana.

Nikamuuliza watoto wako wapi maana niliona wadogo sana tu. Wako Kombo, kijiji pacha kule chini, ndo kwenye shule. Mtoto akifika umri wa darasa la kwanza anahama, wikiendi na likizo ndo anapanda. Mgonjwa naye anashushwa kwa kubebwa na wanaume kwa zamu. Mchele unapandishwa kichwani na mabegani, kahawa inashuka hivohivo, na kila kilo ya kahawa unayokuta sokoni imetembea ile njia iliyotutoa sisi jasho tukiwa na vibegi vya mgongoni.

Yule kijana aliyetuongoza alisoma mpaka Ruteng, mji wa milimani hapohapo Flores, akarudi. Wenzake wengi wameenda kwenye mashamba ya michikichi Kalimantan, upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo, na Malaysia, kama vijana wengi wa Nusa Tenggara Mashariki, mkoa wenye Flores, wanatuma hela nyumbani. Yeye anaishi kwa kuongoza wageni na kahawa, mvua zikianza Novemba wageni wanapungua sana anabaki na kahawa tu. Nilimuuliza kama angependa barabara ifike juu. Alinyamaza muda mrefu, akasema kwa mgonjwa anaitaka, kwa kijiji anaiogopa. Sikuwa na la kumjibu na sidhani kama mgeni wa siku mbili ana haki ya kumjibu.

Kilichonikera zaidi ni wageni wenzetu. Jumamosi lilikuja kundi kubwa, wakawasha spika ya bluutuuthi saa nne usiku huku wazee wamelala nyumba ya pili, na asubuhi mmoja akawa anabishana bei ya pakiti ya kahawa na yule bibi niliyechambua naye. Jamani ile kahawa msipunguziwe bei. Lipeni anachotaja, na mkiweza nunueni mbili.

Kwahiyo nendeni kati ya Mei na Septemba, siku za katikati ya wiki, na hela taslimu mtoe Ruteng au Labuan Bajo maana mkishaingia milimani hamna pa kutoa. Chupa za plastiki shukeni nazo, msiwaachie wao wazichome. Mkimkuta bibi wa kahawa kwenye nyumba ya kushoto kwa nyumba kuu, mwambieni dunia.