Blowa ya mkononi: tazama kaboni kabla ya wati

Malalamiko ya mafundi kuhusu blowa, mashine ya kupuliza vumbi, ni yaleyale: imezimika ghafla, inatoa cheche, muuzaji anasema mota imekufa ninunue nyingine. Nyingi hazijafa. Zimeishiwa kaboni tu, vile vipande viwili vya makaa vinavyopeleka umeme kwenye amecha, sehemu ya mota inayozunguka.

Wati na uzito vimeandikwa kwenye boksi, usianze na hivyo. Kabla hujalipa, igeuze blowa utazame ubavuni mwa mota. Kuna vifuniko viwili vidogo vya duara vyenye mfereji wa bisibisi, kimoja kila upande? Vikiwepo, kubadilisha kaboni ni kazi ya dakika chache: chomoa plagi, fungua vifuniko, toa za zamani, ingiza mpya. Visipokuwepo, utafungua bodi nzima ya mashine, na hapo ndipo skrubu hupotea na waya hubanwa.

Kaboni ikibaki milimita 5 hivi, badilisha, zote mbili kwa pamoja. Mpya iteleze bila kulazimishwa. Ikikwama, springi haiwezi kuisukuma, itagusa komyuteta (ile pete ya shaba ya amecha inayoguswa na kaboni) kwa kurukaruka na cheche zitazidi. Ikiwa nene kidogo tu, isugue kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo. Cheche ndogo za buluu zisikutishe, kaboni mpya bado haijakaa sawa. Lakini moto ukizunguka komyuteta yote kama pete hata baada ya kubadilisha, koili ya amecha imeungua. Ulizia bei ya amecha kabla hujamkubalia fundi chochote.

Namba moja kwetu ni Makita UB1103, na hatuoni haya kuipendelea. Wati 600, hewa mita za ujazo 4.1 kwa dakika, kasi unaiongoza kwa kidole kwenye swichi, na kaboni zinatolewa kwa nje. Ubaya wake ni bei, na feki zimejaa. Yenye lebo isiyosomeka vizuri, irudishe hapohapo.

Namba mbili ni Bosch GBL 620: wati 620, mita za ujazo 3.5. Mashine nzuri, ila ulizia kwanza kama kaboni zake zinapatikana mjini kwako.

Za betri za volti 18 zinafuata, kwa mwenye betri za kampuni hiyohiyo tayari. Blowa hula chaji vibaya.

Za bei rahisi zisizo na jina: chukua tu yenye kaboni za akiba ndani ya boksi.

Blowa ya mtumba ya Japani ni ya volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 bila transfoma ya kushusha umeme, itapiga kelele kali, kisha itoe moshi.

Hewa ikipungua usikimbilie mota. Tazama mfuko wa vumbi na mdomo wa kuvutia hewa, nyuzi na nailoni hupenda kunasa hapo. Ikitikisika, feni ina uchafu upande mmoja au jino limevunjika. Kuna wanaovunja na jino la upande wa pili eti wasawazishe. Usikubali, nunua feni. Zungusha feni kwa mkono plagi ikiwa nje: ikikwaruza, ni beringi. Soma namba yake ununue ileile, yenye vifuniko pande zote mbili, maana ya wazi vumbi litaimaliza. Na ikiwaka tu ukiukunja waya, waya umekatikia shingoni unapoingia kwenye mpini. Kata kipande hicho uunge upya kwenye swichi.

Kinachoudhi zaidi ni duka linalouza blowa dazeni nzima bila kuwa na jozi moja ya kaboni zake. Ukiuliza, unapewa za grainda: "Kaboni zote ni sawa, bosi." Si sawa. Upana, unene na kichwa cha springi vyote hutofautiana, na isiyo saizi yake hula komyuteta. Nenda na ya zamani mkononi, uzipime mbele ya muuzaji, ndipo utoe hela.