Supachaja ya mkanda kwenye VX ya petroli: inaishije na milima ya Nyanda za Juu Kusini?

Mugonile wa Mbeya, kamwene wa Iringa na Njombe, na nyote mnaotutazama popote mlipo, habari za wakati huu. Leo bonneti iko wazi, na wale mliokuwa mnauliza kila siku "lini utatuonyesha hiyo supachaja", ndiyo hii hapa, mashine ya kushindilia hewa ndani ya injini ili iongeze nguvu. Nimekaa nayo muda wa kutosha. Imepita baridi ya Juni na Julai, imekula vumbi la Chunya, imeshuka Kyela na kupanda, imeenda Dar na kurudi. Na sikuishia kwenye gari langu tu. Nimezungumza na wenye nayo wengine huku kwetu, yupo wa Tukuyu, yupo mzee wa Mafinga, yupo dada mmoja wa Iringa mjini, kwa sababu gari moja haliwezi kukwambia yote.

Gari lenyewe ni Land Cruiser 80, wengi mnaliita VX. Injini ni 1FZ-FE ya petroli, silinda 6 za mstari, ujazo wa cc 4,477, gia za mkono. Kompresheni yake ya kiwandani ni 9 kwa 1, yaani silinda inaminya hewa mara 9, ni ndogo na inaacha nafasi ya kushindilia zaidi, na hiyo namba ishikeni, maana ndiyo iliyonipa moyo wa kuanza kazi hii.

Sasa sogeza kamera hapa. Hili dude la aluminiamu ndilo lenyewe. Tofauti yake na tabo ni kwamba tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi, hii inazungushwa na mkanda kutoka kwenye puli ya krenki, ile shafti kuu ya injini. Ndani yake kuna gia za kuongeza kasi, na mwisho wa gia kuna pangaboi dogo linalovuta hewa katikati na kuitupa pembeni kwa nguvu. Hewa hiyo ndiyo inashindiliwa kuingia kwenye injini. Supachaja nyingi za chapa ya ProCharger, gia zake za ndani zinazidisha kasi mara 4.1. Tuchukue puli ya krenki iwe kubwa mara 2 ya puli ya supachaja: injini ikifika mizunguko 5,000, pangaboi liko kwenye 41,000 kwa dakika. Ndiyo maana mnasikia ule mluzi.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti ni hili. Supachaja ya aina hii shindikizo lake halipandi sawa na kasi, linapanda kwa mraba wa kasi. Ukipunguza kasi kwa nusu, shindikizo linabaki robo. Kiti, yaani seti nzima ya vifaa vya kufunga, kinachotangazwa kuwa kinatoa PSI 7 (PSI ni kipimo cha shindikizo) kwenye mizunguko 5,000, ukiwa kwenye 2,500 hata PSI 2 hupati. Ukiwa kwenye 3,500 unapata 3 na kidogo. Kwa hiyo kama umezoea kupanda mlima kwa mizunguko ya chini, gia kubwa, mguu umezama, utashangaa pesa yako imeenda wapi.

Na hapo ndipo inabidi tuongelee mahali tunapoishi. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, shindikizo lake ni karibu PSI 12, wakati Dar ni 14.7. Injini yoyote isiyo na tabo wala supachaja, ikifika huku imeshaacha njiani karibu asilimia 18 ya hewa yake. Hili mnalijua hata bila namba, gari lililokuwa linachangamka Morogoro likifika Makambako linakuwa zito.

Supachaja inazidisha ile hewa iliyoikuta. Ikikuta hewa nyepesi, inazidisha hiyo hiyo nyepesi. Kile kiti cha PSI 7 cha pwani, hapa Mbeya geji yake haifiki 6. Usiende kugombana na fundi, hajakosea kufunga. Tabo ina nafasi ya kujiongeza kasi ikafidia, lakini hii imefungwa kwa mkanda, kasi yake inaamuliwa na puli, basi. Sasa fanya hesabu ya jumla, hewa ya nje na ile ya supachaja. Kwa Mbeya, mpaka mizunguko 3,500 hivi, injini yenye supachaja ndiyo kwanza inafikia hewa ambayo injini ya kawaida inaipata bure ikiwa Dar. Yaani inaanza kwa kulipa deni la mwinuko, na ukishavuka 3,500 ndipo unaanza kula faida. Kwenye 5,000 unakuwa na hewa kama asilimia 20 zaidi ya ile ya Dar bila supachaja, na katika hiyo bado utoe nguvu ya kuzungusha mkanda na hasara ya joto.

Hicho ndicho ninachokihisi barabarani. Kutoka Mbeya mjini kupandisha barabara ya Chunya, zile kona za msituni Kawetere, nikikaa gia ya tatu na mizunguko juu ya 3,500 gari linapanda vizuri mno, halina ule uzito wa kuomba gia ya pili. Nikizembea likashuka 2,000 na kitu, ni VX ile ile niliyoinunua. Mlima Kitonga ni hivyo hivyo, ila Kitonga malori yamekutangulia, hakuna sababu ya kutafuta sifa kwenye kona zile. Pale faida yake ni moja: nafasi halali ya kupita ikipatikana, unapita kwa muda mfupi na kurudi upande wako.

Tuje kwenye ufungaji, maana maswali mengi yako hapa. Kabla hujaagiza kitu chochote, pima kompresheni ya kila silinda. Injini hizi za 1FZ zinajulikana kwa gasketi ya silinda hedi kuliwa upande wa nyuma, silinda ya 6. Ukiongeza shindikizo juu ya gasketi iliyochoka unaharakisha msiba. Sisi tulibadilisha gasketi kwanza, tukasafisha rejeta, tukaangalia feni kama inashika injini ikipata moto. Siku hizo zote supachaja ilikuwa bado kwenye boksi.

Halafu angalia kiti kimetengenezewa usukani wa upande gani. Vya Marekani vingi ni vya usukani wa kushoto. Sisi usukani kulia, na upande huo ndiko kuna shafti ya usukani na buta ya breki, bomba la hewa linaweza kukosa pa kupita. Australia wanaendesha kama sisi na Land Cruiser wanazo kwa wingi, kwa hiyo vya kule vinakaa bila kukatakata.

Mikanda ya asili ya injini hii ni ile ya V. Supachaja inataka mkanda mpana wa mifereji, hivyo kiti kinakuja na puli ya kuongeza kwenye krenki, kishikio cha chuma, na puli ya kukazia. Kazi ngumu kuliko zote ni kunyoosha. Fundi wangu pale Mwanjelwa aliweka rula ndefu ya chuma kutoka puli ya krenki hadi puli ya supachaja, akalaza jicho, akakuta uwazi mdogo sana, labda unene wa kadi ya simu. Mimi ningeupita. Yeye akafungua kishikio chote, akaweka washa nyembamba, kile kipete cha chuma cha bolti, akapima tena, akafungua tena, mpaka rula ikalala bila mwanga kupita. Nampa heshima yake, kwa sababu mzee wa Mafinga gari lake lilifungwa mahali ambapo hilo halikufanyika, na mikanda yake ikawa inalika. Dalili aliziona mapema: vumbi jeusi la mpira kwenye kishikio, na geji inapanda vizuri, halafu ikifika mizunguko ya juu inashuka badala ya kuendelea kupanda. Huo ni mkanda unateleza. Wengi wakiona hivyo wanaukaza zaidi. Ukikaza kupita kiasi unaua bearing ya supachaja. Nyoosha kwanza, kisha kaza.

Mafuta sasa. Hewa ikiongezeka, petroli lazima iongezeke. Nozeli kubwa, pampu ya petroli yenye nguvu, plagi za baridi zaidi kwa hatua moja, yaani zinazotoa joto haraka, na uwazi wake upunguzwe ili cheche isizimwe na shindikizo. Halafu kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini. Kwenye hizi 80 kipima hewa ni kile cha mlango unaofunguka, na hewa ikiwa nyingi mlango unafika mwisho, kompyuta haijui tena kinachoendelea. Kwa hiyo tuliweka kontrol boksi ya kuprogramu inayosoma shindikizo. Na tafadhali, ndugu yangu, usiendeshe bila geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Ile ndogo pale kwenye dashibodi, ukiiona inasema petroli ni kidogo wakati umekanyaga, toa mguu hapo hapo.

Kuna jambo la tyuni, yaani kupanga petroli na cheche kwenye kompyuta, ambalo kwetu huku ni kubwa kuliko kwingine kote, na naomba mnisikilize. Kijana wa Tukuyu alitengenezewa tyuni Mbeya, asubuhi, baridi, hewa nyepesi. Gari likawa tamu. Akashuka nalo Kyela mchana. Kyela iko kama mita 500 tu, hewa ni nzito, na joto mnalijua. Supachaja ile ile ikakuta hewa nyingi zaidi ya kuzidisha, ikaingiza shindikizo ambalo tyuni haikuwahi kuliona, na hewa yenyewe ni ya moto. Injini ikaanza kugonga, yaani petroli inalipuka vibaya ndani ya silinda, ule mlio kama kokoto ndani ya kopo. Alikuwa na akili ya kupunguza mwendo, akarudi taratibu, pistoni zikapona. Injini ya mkoa huu inahama kutoka baridi ya Uyole hadi joto la ziwani kwa safari ya asubuhi moja. Fundi wa tyuni mwambie akuachie akiba ya petroli na arudishe taimingi (muda wa cheche) nyuma kwa ajili ya sehemu ya chini na ya joto kuliko zote utakazofika, iwe Kyela, iwe Ruaha Mbuyuni, iwe Dar. Utapoteza nguvu kidogo ukiwa nyumbani. Ipoteze.

Kwa sababu hiyo hiyo nasema intakula, rejeta ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini, ni lazima. Kushindilia hewa kunaipasha moto. Kwa kiti cha PSI 7, hewa iliyoingia na nyuzi 20 inaweza kutoka na nyuzi 70. Wauzaji wengine wanauza bila intakula kwa hoja kwamba huku ni baridi. Njia ya kutoka Mbeya kwenda popote inapita kwenye joto.

Oili. Zipo supachaja zinazochota oili kwenye injini, na zipo zenye oili yake ndani. ProCharger zina yake. Vortech wana za aina zote mbili. Rotrex ya Denmark haina gia za meno ndani, inatumia rola zinazoshikana kwa msuguano, na inadai oili yake maalumu, ambayo haina mbadala. Dada wa Iringa ana hiyo Rotrex, ni kimya, anaisifu sana, lakini oili anaiagiza mapema na kuweka akiba ndani, kwa sababu dukani huku hutaikuta. Ukiwa na ya aina hiyo, mtu asikudanganye kuweka ATF, oili ya giaboksi ya otomatiki. Na asubuhi za Juni, hasa ninyi wa Makete na Kitulo, iache injini ipate moto kabla ya kupiga resi, oili ya baridi ni nzito na pangaboi lile halitaki haraka.

Mlio. Yangu ina gia za meno, kwa hiyo gari likisimama silensa, injini inazunguka bila kukanyagwa, unasikia mchakacho. Huo ni kawaida. Mkwaruzo wa chuma unaobadilika ukishika resi si kawaida, zima. Filta nayo iwekwe juu, mbali na matope na mbali na joto la ekzosi. Ukipita vumbi la Chunya ifungue uiangalie, kwa sababu mchanga ukipenya unalila lile pangaboi kwenye ncha.

Ulaji wa petroli: ukienda taratibu, valvu inarudisha hewa nyuma, gari linakula karibu kama zamani. Ukilikanyaga, linakula, na VX haikuwa mtoto wa kushiba tangu mwanzo.

Je, ningeifunga tena? Ndiyo, kwenye injini hii, kwa kuwa kompresheni ni ndogo, chuma ni kinene, na mimi napenda kuendesha na mizunguko ya juu. Anayevuta trela la viazi kutoka Uporoto kwa mwendo wa pole, huyo nampeleka kwenye tabo, au dizeli yenye tabo kutoka kiwandani, atafurahi zaidi.

Na wa Mark X, najua mko wengi na mmeniandikia sana. Ile V6 ya 2.5, 4GR, kompresheni yake ni 12 kwa 1, na petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Hapo nafasi ya kuongeza shindikizo bila kufungua injini na kubadilisha pistoni ni finyu sana, na nozeli zake si za kubadilisha kirahisi. Mimi kwa sasa nawaambia hapana. Kama kuna aliyeifanya huku Nyanda za Juu na gari linatembea, niandikie ulitumia pistoni gani na nani alikutengenezea tyuni, nitakuja na kamera mpaka ulipo.