Malakiti ya Lubumbashi, kioo cha Krobo, karatasi ya Kampala: ushanga upi unavalika?

Shanga za kupendeza kwenye picha ni nyingi. Zinazovalika mwaka mzima bila kukata uzi ni chache, na siri yake mara nyingi iko mahali ambapo mnunuzi haangalii: kwenye tundu. Mimi nauza mikufu, bangili na hereni hapa Lubumbashi, komini ya Katuba, na shanga zangu nyingi sinunui. Nabadilishana na wanawake wenzangu wa kazi hii walioko Kampala, Nairobi, Accra na Dar es Salaam. Natuma malakiti, wananitumia walicho nacho. Vifurushi vinasafiri mikononi mwa wafanyabiashara: vya Dar na Nairobi vinaingilia mpakani Kasumbalesa, vya Accra vinasubiri mtu anayepanda ndege. Basi haya ndiyo niliyoyaona baada ya kuzitia uzini na kuzivalisha watu.

Nianze na cha kwetu, kwa kuwa ndicho watu wa nje wanakiulizia kuliko vyote.

Malakiti ni jiwe linalozaliwa pamoja na shaba, na kijani chake ni cha shaba yenyewe. Ya huku inatoka kwenye machimbo ya upande wa Likasi na Kolwezi. Ni jiwe laini: kwenye kipimo cha Mohs, kinachokwenda mpaka 10, liko kati ya 3.5 na 4, kwa hiyo kisu kinalikwaruza bila shida. Tena ni zito. Ushanga wa mviringo wa milimita 8 unakaribia gramu 1, na mkufu wa sentimita 40 unaingiza shanga 50, yaani gramu 50 zinazokaa shingoni kutwa. Mwenye shingo nyembamba atausikia kabla jua halijazama.

Nachukua kwa mzee mmoja mkata mawe, si mbali na soko la Kenya. (Wasomaji wa mbali: Kenya ni komini ya hapa mjini, sijavuka mpaka.) Sifa yake ya kwanza ni maji. Juu ya keekee ametundika chupa ya plastiki iliyotobolewa kizibo, inadondosha tone baada ya tone juu ya ushanga anaoutoboa, na vumbi lote linageuka tope la kijani linalomtiririka vidoleni. Vumbi la malakiti lina shaba ndani, si la kuvuta puani, na wapo wanaotoboa makavu huku watoto wamekaa pembeni. Kwa hao sinunui hata kama wanauza nusu bei.

Anatoboa upande mmoja mpaka katikati, anaugeuza ushanga, anaanza upande wa pili ili matundu mawili yakutane ndani. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Yasipokutana sawasawa, ndani kunabaki kijingazi ambacho jicho halikioni. Uzi unakaa juu yake, unasuguliwa kila mvaaji anapogeuza kichwa, na siku moja shanga zote zinamwagika kanisani. Kwa hiyo sichagui kwa rangi kwanza. Napitisha sindano ya kushonea, nauzungusha ushanga taratibu kati ya vidole, na nikisikia sindano inagota mahali, nauweka kando. Mzee anacheka: “Mama, weye unaangaliaka tu tundu, na jiwe yenyewe?” Namjibu, “Papa, jiwe najua iko muzuri, njo maana niko hapa.” Na kusema haki, katika mkufu mzima za kurudisha kwake ni chache, wala hanung'uniki kuzibadilisha.

Bei: mkufu wa milimita 8 wa shanga zilizochaguliwa ananiachia kwa dola 12, za milimita 6 kwa dola 9. Faranga anapokea kwa bei ya siku. Noti ya dola ikiwa imechanika hata ukingoni tu atakurudishia, kama mtu yeyote wa mji huu. Ubaya wake ni kwamba mashine inategemea umeme, na umeme ukikatika kazi inalala. Ukiwa na harusi Jumamosi, usimwendee Alhamisi.

Kuna wanaouza plastiki yenye mistari ya kijani kwa wageni wanaopita mjini. Ya kweli ni baridi ukiigusa shavuni, nzito mkononi, na mistari yake haifanani: mmoja mpana, mwingine mwembamba, mahali pengine inajikunja na kuwa jicho. Ukiona kila ushanga una mistari ileile, yenye weusi uleule, tembea zako. Muuzaji akikwambia umwagie ndimu ili uone ikitoa povu, kataa. Ni kweli malakiti inatoa povu kwenye asidi, lakini umeshaiharibu. Ndiyo sababu nawaambia wateja wasiivae wakikamua ndimu, wasiipulizie manukato, wasiioshe kwa dawa za kung'arishia madini. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Mteja wangu mmoja alikuwa anaoshea vyombo na bangili mkononi. Iliporudi kwangu mng'aro wote ulikuwa umekwisha, na ikabidi mzee aisugue upya.

Sasa Krobo, ambazo ndizo zimenifanya nipende kubadilishana. Zinatoka kwa Wakrobo wa mashariki mwa Ghana, upande wa Odumase. Wanatwanga chupa kuukuu mpaka ziwe unga, wanaupanga unga huo kwenye kalibu za udongo zilizopakwa udongo mweupe ndani ili kioo kisigande, na katikati ya kila shimo wanasimamisha kijiti cha jani la muhogo. Kalibu inaingia tanurini, unga unashikana, kijiti kinaungua, na palipokuwa na kijiti panabaki tundu. Mimi niliyekua nikichambua sombe, yaani kisamvu, na kutupa vijiti vyake kwenye taka, habari hiyo ilinikalisha chini. Mwisho wanazisugua juu ya jiwe kwa mchanga na maji.

Kuzivaa je? Rangi iko ndani ya kioo, kwa hiyo haiondoki kwa jasho wala sabuni. Hazing'ai sana, na hilo nalipenda: zikikaa karibu na malakiti iliyosuguliwa, kila moja inaipa nyingine nafasi. Lakini tundu la kijiti ni tundu la kijiti. Ni pana, mara nyingi milimita 2 au 3, na halinyooki. Ukitumia uzi mwembamba ushanga unakaa upande, fundo linapenya na kupotea ndani. Dawa yake ni kuweka ushanga mdogo wa kioo wa milimita 4 kila upande ili uzibe mlango, au kuacha uzi kabisa na kutumia kamba ya ngozi. Tena ndani mnabaki ule udongo mweupe. Usipousafisha, unatoka pole pole na kumchafua aliyevaa nguo nyeusi. Naziloweka usiku kucha, asubuhi napitisha kamba ya katani ndani ya kila moja, navuta huku na huku mpaka maji yatoke safi. Ni kazi inayochosha mgongo. Pamoja na hayo yote, ningeambiwa nichague kifurushi kimoja tu kwa mwaka, ningechukua cha Accra.

Za karatasi kutoka Kampala wengi wanazidharau kwa sababu ya jina. Ni ukanda wa pembetatu wa karatasi ya gazeti la rangi, unaviringishwa kuanzia upande mpana, ncha inagundishwa, kisha ushanga unapakwa vanishi mara kadhaa. Upana wa kitako cha ukanda ndio urefu wa ushanga, kwa hiyo mwenye mkono mzuri anakutolea mia zinazolingana. Sifa yao kubwa ni wepesi. Mkufu wa kushuka mpaka kitovuni kwa malakiti tupu ni mzigo. Weka malakiti tatu mbele, Krobo mbili za njano, kwingine kote jaza karatasi, na mtu anacheza ndombolo bila kukumbuka kwamba amevaa kitu. Huo ndio mkufu unaotoka haraka kwangu. Cha kuangalia ni tundu tena: vanishi ikiwa imepakwa nje tu, maji yanaingilia ndani, na masika yetu yanayoanza Novemba hayana huruma na karatasi. Natoa mmoja, naudumbukiza kwenye glasi ya maji wakati ninakunywa chai. Ukivimba kwenye mdomo wa tundu, namwandikia dada wa Kampala kabla ya kulaumu kifurushi kizima. Yeye huwa ananitumia zilizopakwa vizuri. Niliwahi kupokea za mtu mwingine zilizonuka vanishi mbichi na kugandana njiani, na huyo sikuendelea naye.

Za Nairobi ni za udongo wa kuchomwa, kazi ya Kazuri, kiwanda kilichoanzishwa na Lady Susan Wood mwaka 1975. Rafiki yangu ananunua kwao na kunitumia kidogo. Zimekamilika, zinateleza, rangi zake ni za kifalme. Sina la kuongeza, isipokuwa kwamba zimekamilika kiasi kwamba mkufu wake unasema Kazuri kabla ya kusema mimi. Kwa hereni za jozi moja ni sawa kabisa.

Zile ndogondogo za kioo zinazopimwa kwa namba (namba ikipanda ushanga unapungua: 11 ni kama milimita 2, 8 ni kama 3) nazipata Dar na hapa hapa sokoni. Kwa kufuma bangili bapa, pokea za Jablonec, mji wa Wacheki, ukibahatika; zinalingana. Za bei rahisi lazima uzichambue kama maharagwe, nene huku, nyembamba kule, zisizo na tundu unazitupa nje. Nilinunua mfuko wa nyekundu kwa muuzaji ambaye sitamtaja, na pamba yenye dawa ya kutolea rangi ya kucha ilizipaukisha zote. Jaribu hiyo pamba dukani, mbele yake.

Kuhusu namna ya kubadilishana tulibishana sana. Kwa uzito nilikuwa napata hasara mimi, jiwe langu ni zito. Kwa kuhesabu alipata hasara wa karatasi, maana kila ushanga wake ni mkono wa mtu. Tukakubaliana urefu: sentimita 40 zilizotiwa uzini kwa sentimita 40, na kwa malakiti ya milimita 8 napewa mikufu miwili ya karatasi. Picha ya rangi haitoshi, simu inadanganya kijani kuliko rangi zote. Tunadaiana picha ya tundu, sindano ikiwa imesimama ndani.

Uzi nao usemwe. Ule wa kuvulia samaki, unaouzwa kwa wavuvi wanaoenda Kasenga, ni rahisi na kila anayeanza anaukimbilia. Unakumbuka mkunjo wa kibobini chake, mkufu haulali shingoni, na ukizeeka unakatika pasipo kuonya. Uzi wa nailoni wenye nta, ule wa mafundi viatu, ni mzuri kwa karatasi na Krobo. Fundo lake halifunguki. Kwa malakiti situmii kingine ila waya mwembamba wa chuma uliovishwa plastiki, wa milimita 0.45, wenye vibanio viwili kila mwisho. Nikimaliza natundika mkufu msumarini, nauning'inizia chupa ya lita moja ya maji, na kulala. Asubuhi ukiwa bado msumarini, unauzwa.

Kulabu za hereni nakunja mwenyewe kwa waya wa shaba wa milimita 0.8 kutoka kwenye mota zilizokufa. Waya huo una rangi ya kuzuia umeme juu yake. Wengine wanaichoma na kuvuta moshi wake. Mimi nafuta kwa msasa mpaka wekundu wa shaba uonekane. Shaba inaacha kijani kwenye ngozi ya mwenye jasho, kinatoka kwa sabuni. Masikio yanayowasha nawawekea kulabu za chuma kisichoshika kutu na kuongeza dola 1 kwenye bei, nao wanalipa bila maneno. Kifurushi cha Accra kinachofuata nimeomba kiwe cha njano tupu, za bluu zimenijaa kwenye makopo. Na mzee ameshaniambia mawe ya milimita 6 yatakuwa tayari umeme ukirudi.