Procmon: iendeshe kwanza, kufomati baadaye

Mafundi wengi jijini wana dawa moja kwa kompyuta inayosumbua: kufomati na kupiga Windows upya. Wakati mwingine dawa hiyo hufaa. Mara nyingi tatizo hurudi baada ya wiki moja, kwa sababu hakuna aliyejua lilianzia wapi. Process Monitor, au Procmon, inakuonyesha lilikoanzia.

Programu hii hurekodi kila faili inayofunguliwa, kila sehemu ya rejistri (hifadhi ya mipangilio ya Windows) inayosomwa na kila muunganisho wa mtandao, pamoja na jibu ambalo Windows ilitoa. Ni mojawapo ya zana za Sysinternals, kazi iliyoanzishwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell mwaka 1996. Microsoft ilinunua kampuni yao mwaka 2006, na hadi leo zana hizo ni za bure. Procmon haisakinishwi. Ni megabaiti chache tu, hailii bando, na inakaa vizuri kwenye flashi. Ipakue kwenye tovuti ya Microsoft pekee.

Ukiiwasha, matukio humiminika kwa maelfu, na hapo ndipo wanaoanza hukata tamaa. Bonyeza Ctrl+E kusimamisha, kisha Ctrl+X kufuta yaliyorekodiwa. Fungua kichujio kwa Ctrl+L, chagua "Process Name", andika jina la programu inayosumbua na ubonyeze "Add". Ukiruka hatua hiyo ya mwisho, kichujio hakifanyi kazi. Anzisha tena kwa Ctrl+E, rudia kosa, kisha simamisha papo hapo. Rekodi ya sekunde kumi inasomeka. Ya dakika tano ni msitu. Anza kusoma kutoka chini ukipanda juu, kwa kuwa chanzo huwa karibu na pale programu ilipokwama.

"NAME NOT FOUND" isikutishe. Programu hutafuta faili ileile katika folda kadhaa kabla ya kuipata, kwa hiyo jibu hilo ni la kawaida kabisa, isipokuwa faili isipatikane popote. Ya kuchunguza ni "ACCESS DENIED" na "SHARING VIOLATION". La pili huonyesha kwamba programu nyingine imeishikilia faili, na mara nyingi ni antivirusi au programu ya kuhifadhi nakala.

Chukua duka la vipuri Kirinyaga Road, Nairobi. Programu ya mauzo inafunguka kwa akaunti ya mwenye duka, lakini inagoma kwa mhudumu. Procmon itaonyesha "ACCESS DENIED" pale programu inapojaribu kuandika ndani ya Program Files, mahali ambapo akaunti ya kawaida hairuhusiwi kuandika. Usimpe mhudumu mamlaka yote ya kompyuta. Bonyeza folda ile moja kitufe cha kulia, ingia "Properties", kisha "Security", na uwape "Users" ruhusa ya "Modify". Programu za zamani hufanya jambo baya zaidi: hazigomi, bali Windows huyaelekeza maandishi yao kwenye folda ya VirtualStore ya kila mtumiaji. Matokeo yake, wahudumu wawili kwenye kompyuta moja wanaona hesabu mbili tofauti. Ukiona VirtualStore kwenye rekodi, umepata jibu.

Kasoro kubwa ya Procmon ni kumbukumbu. Kwa kawaida hurekodi kwenye kumbukumbu pepe (RAM pamoja na sehemu ya diski), na leptopu ya ex-UK yenye GB 4 inaweza kukwama kabisa. Weka alama kwenye "Drop Filtered Events" katika menyu ya "Filter", au tumia "Backing Files" kuihifadhi rekodi kwenye diski.

Tena, haipimi afya ya diski. Ongeza safu ya "Duration": kusoma kipande kidogo cha faili kukichukua sekunde nzima, shuku diski na uipime kwa CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Ikiwa namba ghafi ya C5 au C6, yaani vipimo vya sehemu za diski zisizosomeka, si sifuri, nakili data yako leo, kwani kufomati hakutaiponya diski hiyo.

Unapomtumia fundi rekodi, chagua "All events" na aina ya PML (faili ya Procmon yenyewe) ili aweze kuchuja mwenyewe. Kumbuka kwamba faili hiyo inabeba majina ya watumiaji, ya folda na ya hati zilizofunguliwa wakati huo, kwa hiyo usiitupe kwenye kikundi cha WhatsApp.