Sanamu ya kiwiliwili ya kufundishia baiolojia: uzoefu wangu nikiwa Tanga

Sanamu hii ya plastiki niliagiza Kariakoo ikaletwa kwa basi, na sasa ipo kwenye darasa langu la tuisheni huku Ngamiani. Kimo chake hakifiki nusu mita. Haina chapa, na karatasi ya maelezo ni Kichina upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Nimelipa laki na nusu kasoro kidogo, baada ya kubembelezana sana.

Plastiki ni nzito, rangi haitoki hata ukiifuta kwa maji. Moyo wameutendea haki: unafunguka vipande viwili, vali zinaonekana, na ukuta wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia, kwa kuwa ndiyo inayosukuma damu mwili mzima. Kijiti kinachoshikilia mfuko wa chakula kimelegea, ukigusa meza unadondoka. Hilo dogo, gundi ipo.

Linaloniudhi ni kwamba kila kiungo kimekaa chumbani kwake kama mpangaji aliyejifungia. Unatoa utumbo, unatoa ini, na hakuna kinachoonyesha kwamba vinajuana. Kumbe damu inayotoka kwenye utumbo hupitia kwanza kwenye ini ndipo irudi moyoni. Karibu robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini huja kwa mshipa mmoja tu, huo unaoileta kutoka kwenye utumbo. Sukari ya chai ya asubuhi, hata vidonge ulivyomeza, vyote hukaguliwa pale kwanza.

Basi nikanunua uzi wa kufumia. Wa buluu nikautoa kwenye utumbo hadi kwenye ini, mwekundu kutoka moyoni hadi kwenye figo. Darasa likachangamka hapo. Figo zenyewe ndogo, lakini hupokea kama sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo kila dakika. Kwa siku huchuja takribani lita 180, karibu zote zikarudishwa mwilini, mkojo ukawa lita moja na nusu hivi.

Binti mmoja wa kidato cha tatu akauliza: "Madam, sasa mbona mgonjwa wa figo anaongezewa damu, na wala hajaumia popote?" Swali tamu hilo! Figo hutoa homoni ya erithropoietini, inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Chembe hizo huishi siku 120 hivi. Figo zikichoka, amri inapungua, zinazokufa hazipati za kuziba nafasi zao, na moyo nao unalazimika kwenda mbio ili oksijeni kidogo iliyopo ifike kila mahali.

Nikatafuta mfupa wa kuwaonyesha kwenye sanamu: hakuna unaofunguka. Nikamtuma kijana buchani alete kichwa cha mfupa wa paja la ng'ombe, kimepasuliwa, uboho mwekundu ukaonekana waziwazi. Ngozi nayo hawakuiweka, kwa hiyo habari ya vitamini D, inayoanzia kwenye ngozi juani, ikapita kwenye ini, ikamaliziwa kwenye figo, utaichora ubaoni mwenyewe.

Kwa darasa la saba inatosha kabisa. Kwa sekondari nunua, ila bajeti ya uzi na mfupa iwepo. Na ukiagiza, mwambie muuzaji afunge ini peke yake kwenye kitambaa. Langu lilifika na ufa kwenye ukingo.