Frigeti au destroya? Tuitazame Japani

Ubishi huu hauishi: nchi yenye bahari kubwa ya kulinda ijenge frigeti, meli ya kivita ya ukubwa wa kati, au destroya, iliyo kubwa na yenye silaha nyingi zaidi? Japani inazo zote mbili, kwa hiyo tuanzie huko.

Kwa nguvu, destroya aina ya Maya haina mpinzani. Ina mirija 96 ya wima ya kurushia makombora, pamoja na mfumo wa Aegis unaoweza kudungua kombora la balistiki likiwa bado nje ya angahewa. Ukiwa jirani wa Korea Kaskazini, hilo si anasa. Frigeti ya Mogami ina mirija 16 tu, na kazi hiyo haiiwezi hata ukiibembeleza.

Ila njoo kwenye watu. Maya inataka mabaharia 300 hivi, Mogami, 90. Chumba cha mapambano cha Mogami kimezungukwa na skrini ukuta mzima, na humohumo injini nazo zinafuatiliwa. Jeshi la majini la Japani linahangaika kupata vijana, hivyo hapa frigeti imeshinda mapema. Bei yake pia ni nafuu mno, na inasaka mabomu ya baharini, kibarua ambacho Maya haikuundiwa.

Kwa hiyo inategemea unaogopa nini. Kama ni makombora ya jirani, lipia destroya. Kama ni nyambizi na doria ndefu, frigeti nyingi zitakufaa zaidi. Australia mwaka 2025 ilichagua Mogami iliyoboreshwa, 11 kwa jumla, lakini destroya zake tatu za Hobart haikuziacha.